Naomba ushauri: mama kamaliza mionzi, ngozi inachubuka na ndugu wana dawa zao

Habari za humu wakuu. Mama nimerudi nae Ujiji juzi toka Mwanza, kamaliza mionzi ya saratani ya titi, sasa ngozi imekuwa nyeusi tii na pale chini ya titi panapokunjana pamechubuka panatoa majimaji. Nesi alishatuambia inaweza kuzidi wiki moja mbili baada ya kumaliza ndo ianze kupona, kwa hiyo tunamuosha maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, hatusugui, tunakausha kwa kugusagusa na kanga laini, sidiria kaacha anashinda na dera. Kesho nampeleka hospitali wapaangalie.

Shida mashangazi jamani, kila anayekuja kutoa pole ana dawa yake, mmoja kaja na chupa ya mawese kabisa anataka ampake pale pale penye kidonda, nimezuia nikaambiwa nina kiburi. Mliwajibuje watu wa hivi?

Halafu mimi nimechoka, nauguza peke yangu, meza ya dagaa sokoni nimefunga, kaka zangu wanatuma hela kidogo wanaona wamemaliza. Nyie zamu mligawanaje?