Nilikatiza shahada mwaka wa pili, nipo Arusha na nafanya kazi. Nianzie wapi kuimalizia?

Mama Lulu wa Sakina

Habari za jioni wakuu. Naomba mnivumilie, ni maelezo marefu kidogo.

Nina miaka 33. Nilimaliza kidato cha sita 2011, nikaenda Dar kusoma shahada ya uhasibu kwenye chuo kimoja binafsi. Nikasoma miaka miwili kamili, nikafaulu yote isipokuwa sapu moja ya takwimu ambayo niliirudia nikapita. 2013 mama akaugua, mimi mwenyewe nilikuwa na ujauzito, nikarudi nyumbani nikisema naenda mwaka mmoja tu. Huo mwaka mmoja ndio huu hadi leo.

Sasa hivi natunza vitabu vya mapato na matumizi kwenye kampuni ya utalii hapa mjini. Kazi naijua. Lakini kila nafasi ya mhasibu mkuu ikitoka, tangazo linasema shahada, na aliyeletwa juu yangu mwaka jana nimemfundisha mimi kufunga hesabu za mwezi. Inauma.

Maswali yangu: ile miaka miwili inahesabika au imeshakufa? Nihamie chuo gani cha hapa Arusha au Moshi? Na nitasomaje wakati kuanzia Julai hadi Oktoba wageni wamejaa na sitoki ofisini kabla ya saa mbili usiku? Bodi ya Mikopo nayo inanikata kila mwezi, sijui kama nina haki ya kuomba tena.

Nawasilisha.

Kitunguu Saumu

Chuo Kikuu Huria. Mambo mengine ni kujichosha.

Mangi Mtaratibu

Dada, miaka 33 shahada ya nini tena? Hiyo ada chukua mzigo wa mitumba soko la Kilombero, mwaka ukiisha unamwajiri huyo bosi wako.

Mama Lulu wa Sakina

Mangi asante, mitumba nilishafanya 2016. Mzigo ulinifia. Turudi kwenye mada.

Mwalimu wa Pasua

Dada, nimesoma uzi wako nikajiona. Mimi ni mwalimu wa msingi, shahada yangu nimeipata Chuo Kikuu Huria kupitia kituo chao cha Kilimanjaro, nikiwa nafundisha darasa la watoto 70 na zaidi. Arusha pia wana kituo, huna haja ya kwenda Dar kwa kila jambo.

Nikwambie ilivyo, maana watu wanakusifia tu. Huria hakuna mtu wa kukuuliza umesoma au hujasoma. Vitini unavyo, vipindi vya ana kwa ana ni vya muda mfupi, kazi unatuma kwenye mtandao, halafu unaonana na mtihani. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, nasoma hadi saa kumi na mbili, naandaa watoto, naenda kazini. Mwaka wa kwanza tulikuwa kikundi cha watu tisa Moshi mjini. Tuliovaa joho ni wanne. Nilitumia miaka mitano badala ya mitatu, na sijutii, kwa sababu mwaka niliojifungua nilichukua masomo mawili tu na hakuna aliyenifukuza.

Anayekwambia Huria si chuo, mwambie kimeundwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 na kiko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu, sawa na vingine. Cheti changu mwajiri amekipokea bila neno.

Pikipiki ya Njiro

Kwa uhasibu nadhani aangalie kwanza Chuo cha Uhasibu pale Njiro, ndiyo nyumbani kwa hiyo kozi. Au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, wale wapo tangu 1963 na wamekuwa chuo kikuu kamili 2014, wana shahada ya uhasibu na fedha. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, ila ukipanga kwenda na kurudi kila jioni baada ya kazi utachoka kabla ya mtihani wa kwanza. Niliwahi kujaribu, nikawa nalala kwenye kosta napitishwa kituo.

Mzee wa Rejista

Binti, nimefanya kazi ofisi ya udahili kwa miaka mingi, sasa nimestaafu nalima ndizi. Wenzangu wanakutajia vyuo, lakini hilo ni swali la tatu. Kwanza nijibu haya mawili: ulipoondoka 2013 uliandika barua ya kuahirisha masomo, au uliondoka kimya? Na je, chuo kile unadaiwa?

Mama Lulu wa Sakina

Shikamoo mzee. Niliondoka kimya. Nilimwambia mwakilishi wa darasa tu. Na deni lipo, laki sita na arobaini, ada ya semista ya mwisho ambayo mkopo haukuifikia. Nilipiga simu mwaka juzi kuomba transkripti, yaani karatasi ya matokeo yangu yote, wakaniambia lipa kwanza.

Mzee wa Rejista

Marahaba. Nilijua tu. Basi tulia nikueleze, maana hapa ndipo watu wanapoteza miaka mingine mitatu.

Shahada ya miaka mitatu kwa mfumo wetu ina krediti 360, kwa kawaida 120 kila mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, kusoma mwenyewe, mazoezi, mtihani. Kwa hiyo kwa maelezo yako una kama krediti 240 mahali fulani. Lakini hazipo mfukoni mwako, zipo kwenye kabati la chuo kile. Bila transkripti iliyosainiwa na kugongwa muhuri, wewe kwa chuo kipya ni mhitimu wa kidato cha sita basi. Kwa hiyo hiyo laki sita na arobaini ndiyo ada yako ya kwanza. Omba kwa maandishi kulipa kwa awamu, wengi wanakubali ukionyesha nia.

Ukienda kulipa, usirudi na transkripti peke yake. Omba na muhtasari wa kila somo, yaani mada zilizofundishwa na idadi ya krediti. Chuo kinachokupokea hakilinganishi majina ya masomo, kinalinganisha yaliyomo. "Uhasibu wa Gharama" wa chuo kimoja unaweza kuwa nusu ya ule wa chuo kingine. Nimeona watu wananyimwa masomo sita kwa kukosa karatasi hizo tu.

Omba pia barua inayosema umeondoka kwa hiari na hukufukuzwa kwa kufeli wala kwa nidhamu. Kuondoka kimya kunasomeka vibaya kwenye faili, na anayekudahili hajui habari za mama yako.

Halafu usitarajie zote 240 zipokelewe. Kila chuo kina kiwango chake cha juu cha krediti za kuhamishia, na kina neno lake kuhusu masomo ya zamani. Kodi uliyosoma 2012 imepitwa: sheria ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) tuliyonayo ni ya 2014, ya usimamizi wa kodi ni ya 2015. Hilo somo utalirudia, na ni haki. Hisabati ya biashara na kanuni za uchumi zina nafasi nzuri zaidi.

Debiti Krediti

Mzee umemaliza. Naongezea viwango vya kimataifa vya uhasibu: IFRS 16 ya mikataba ya upangaji imeanza kutumika 2019. Dada kama kampuni yenu inakodi magari au ofisi unaijua tayari, lakini hukuisoma darasani.

Na kitu kingine ambacho hakuna aliyekigusa. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Ina hatua za ufundi sanifu wa uhasibu ambazo huhitaji shahada kuanza, inafanyika Mei na Novemba, na unaweza kujisomea. Mei kwenu ni mvua na hakuna wageni. Mimi nilianzia huko nikiwa karani wa stoo, bosi wangu aliniongeza mshahara kabla hata sijafika ngazi ya kati. Sikwambii uache shahada. Nakwambia tangazo la kazi likisema "shahada au sifa ya NBAA", utakuwa na mguu mmoja ndani.

Kitunguu Saumu

Mzee wa Rejista nimekubali, mimi nilijibu kwa haraka.

Mwalimu wa Pasua

Mzee, ongezea na lile la namba ya mtihani. Mwenzetu mmoja aliomba udahili mpya kwa matokeo ya kidato cha nne na cha sita, mfumo ukamkatalia, kumbe namba yake bado inasoma kwenye chuo alichotoroka miaka saba nyuma. Alihangaika hadi dirisha likafungwa.

Mzee wa Rejista

Sahihi mwalimu. Ndiyo maana nasema aanzie kule Dar. Wakimwandikia barua ya kumwachilia na kumwondoa kwenye mfumo, kazi imekwisha. Na aanze mapema, maombi yanafunguliwa katikati ya mwaka, wakati yeye wageni wamemzidi.

Mtoto wa Kiborloni

Kuhusu mkopo: kama unakatwa, hiyo ni asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, itaendelea hadi deni liishe hata ukirudi shule. Panga bajeti kama vile bumu, yaani hela ya mkopo, halipo. Likija ni sadaka.

Pikipiki ya Njiro

Mwanangu swali la kalenda nalo lijibiwe. Vyuo vya kawaida mtihani wa semista ya pili unaangukia karibu na Julai. Julai Arusha, ofisi ya utalii! Hata darasa liwe la jioni, utaombaje ruhusa wiki mbili? Hapo ndipo Huria inamfaa zaidi kuliko Njiro, ingawa moyo wangu uko Njiro. Huria angalau anaweza kupunguza masomo msimu ukiwa mkali.

Mama Lulu wa Sakina

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba. Samahani kwa ukimya.

Nilifuata la mzee. Niliandika barua, chuo kikakubali nilipe mara tatu, nikamaliza awamu ya mwisho kwa hela ya kikoba. Nilipanda basi la alfajiri hadi Dar, nikakaa kwenye benchi la rejista tangu saa tatu hadi saa tisa. Transkripti ninayo. Mihtasari nimepata ya masomo 17 kati ya 22, mitano wanasema mwalimu husika alishaondoka, wanaitafuta. Barua ya kuachiliwa ninayo, imeandikwa "aliacha masomo kwa sababu za kifamilia". Nilipoisoma nililia pale pale kwenye benchi, sijui kwa nini.

Nimepeleka nakala sehemu mbili, kituo cha Huria hapa Arusha na chuo kimoja cha Moshi. Moshi wamenijibu kwa mdomo kwamba watachukua "kama nusu". Mzee aliniambia inboksi nisikubali jibu la mdomo, nimeomba waandike somo kwa somo. Huria bado wanapitia.

Debiti Krediti, nimejisajili NBAA kwa Mei. Bosi nimemwambia. Alichouliza ni kama Julai nitakuwepo.

Mzee wa Rejista

Vizuri binti. Ile mihtasari mitano usiwaachie watafute wenyewe, piga simu kila Jumatatu asubuhi. Na hiyo transkripti usimwachie mtu ile halisi, hata akivaa tai.

Mangi Mtaratibu

Dada hongera. Ukifika kodi nitafute, nina risiti za EFD, ile mashine ya kodi, za miaka miwili hapa dukani sizielewi.