Maweita wa meli za kitalii: sasa vinywaji navyo ni kazi yetu. Tupeane uzoefu

Nanga Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nimeshuka melini wiki mbili zilizopita baada ya mkataba wa miezi minane, na bado nikilala nasikia mtikisiko wa injini. Ulikuwa mkataba wangu wa tano ukumbi mkuu wa chakula, na ndio wa kwanza kufanya bila mhudumu wa baa.

Kwa wasioijua kazi hii: kwa miaka mingi ukumbini kulikuwa na watu wa aina mbili. Weita na msaidizi wake walishika chakula. Mhudumu wa baa alipita meza kwa meza na trei yake ya duara, anachukua oda za bia, kokteli na soda, na meli nyingine ziliweka pia mtaalamu wa mvinyo. Zipo meli zinazoendelea hivyo mpaka leo. Ila makampuni kadhaa yamemwondoa huyo wa baa ukumbini, na kazi yake amepewa weita.

Mimi nilikuwa na meza sita, wageni 24, kwa awamu mbili kila usiku. Dakika kumi za mwanzo ndizo zinazoamua usiku wako. Wageni wote wanakaa karibu kwa pamoja. Zamani dakika hizo nilikuwa naweka vitambaa, nagawa menyu, nauliza nani ana mzio wa karanga au samaki, nachukua oda na kuiwahisha jikoni kabla foleni haijajaa. Sasa hapo katikati nakusanya kadi za kabini, ambazo ndizo mgeni analipia, nagonga kila kinywaji kwenye mashine, nakwenda kaunta ya baa nyuma ya ukumbi na kukuta wenzangu kumi na mbili wamepanga mstari mbele ya watu wawili wanaomimina. Nikirudi na trei, meza ya sita hawajaulizwa hata kama wanataka maji. Supu ya meza ya kwanza imepoa jikoni.

Simkatai weita kubeba glasi. Nimebeba, na nitabeba tena. Kinachoniuma ni kwamba kazi ilihamishwa peke yake, huku muda wake, mafunzo yake na bakshishi yake vikibaki kule ilikotoka.

Nyie kwenu ilikuwaje? Mlijipangaje, pesa iligawanywaje? Majina ya makampuni tuyaache, tusije tukawaponza walio kazini.

Trei Begani

Mkuu umenigusa. Sisi mwezi wa kwanza ulikuwa vurugu tupu, mpaka mimi na msaidizi wangu tukakaa mess, ukumbi wa kulia wa wafanyakazi, usiku wa manane tukagawana upya.

Tulikubaliana hivi: dakika ishirini za mwanzo msaidizi hagusi mkate wala maji, yeye ni vinywaji tu. Mimi nabaki mezani na oda za chakula, halafu nakwenda jikoni mwenyewe kubeba trei, sahani kumi na mbili zenye mifuniko. Ni nzito, na kwa kawaida tunapokezana, lakini ilisaidia kuliko wote wawili kukimbizana kila upande.

Kilichotuokoa zaidi ni kahawa. Wageni wetu walikuwa wanarudi meza ile ile kila siku. Basi wakati wa kumimina kahawa, watu wameshiba na hawana haraka, naulizia kinywaji cha kesho. "Kesho tuanze na ile nyekundu, au tubadilishe?" Naandika kwenye kijidaftari kwa namba za viti. Kesho yake mlango ukifunguliwa, msaidizi ameshajua aende kaunta na nini, kadi anazipitisha wakishakaa. Usiku wa tatu meza nne kati ya sita zilikuwa na vinywaji kabla mikate haijafika.

Shida ni siku ya kwanza ya kila safari, wageni wapya wote. Hapo sijapata dawa mpaka leo.

Dada wa Kaunta

Kaka zangu, mimi ndiye yule aliyeondolewa.

Nilifanya baa ya ukumbini mikataba mitatu. Mshahara wetu wa msingi ni mdogo, chakula chetu kinatoka kwenye asilimia inayoongezwa juu ya kila kinywaji, ambayo kwa makampuni mengi ni 18 au 20. Waliponitoa ukumbini walinipeleka sitaha ya bwawa. Juani, kokteli za barafu, saa nyingi zaidi na pesa pungufu, maana kule tulikuwa wengi tunaogombea wageni wale wale.

Lakini nataka kusema jambo ambalo maweita hamkupewa nafasi ya kulijifunza. Kazi yetu nusu yake ilikuwa kupeleka kinywaji, nusu nyingine ilikuwa kujua lini usipeleke. Sisi wa baa tulipeana habari. Mgeni akinywa tangu mchana bwawani, mwenzangu wa zamu ile ananiambia kabla ya chakula cha jioni: yule bwana wa shati la maua, mwangalie.

Usiku mmoja, nikiwa nimeshahamishwa, nilikuwa napita ukumbini kuchukua glasi. Nikamwona mzee niliyemhudumia mwenyewe tangu saa nane mchana. Weita alikuwa anamwekea glasi ya tatu ya mvinyo. Kijana mzuri, mchapakazi, macho yake yote yako kwenye sahani za meza ya jirani. Mzee alikuwa anaongea polepole, kila neno analipima, na mkono mmoja ameushikilia ukingo wa meza wakati bahari ilikuwa shwari kabisa. Hiyo ndiyo dalili tunayoiangalia: mtu anayejizuia asiyumbe pasipo na mawimbi. Nilimwita weita pembeni, tukampelekea mzee maji na mkate, na mkuu wa ukumbi akaja kumsindikiza. Nilitetemeka baadaye nikifikiria ngazi zile za kuelekea kabini.

Simlaumu yule kijana. Nani alimwambia?

Miezi Tisa

Pole sana dada. Kuhusu pesa: kwetu asilimia ya vinywaji vya ukumbini iliingia mfuko wa pamoja wa idara nzima. Niliuliza ofisi ya mishahara mara mbili fungu langu linahesabiwaje. Mara zote mbili nilioneshwa jumla tu. Nimehudumia mamia ya glasi na siwezi kuwaambia kila moja ilinipa nini.

Abu Safari

Assalaam alaykum ndugu zangu. Yangu ni ya upande mwingine kidogo.

Nilipoomba kazi ya meli, wakala aliniuliza nataka baa au ukumbi wa chakula. Baa ilikuwa na nafasi haraka zaidi. Nilisubiri miezi minne nipate ukumbi, kwa sababu ya dini yangu: sikutaka riziki yangu itoke kwenye kumimina pombe. Nilijua wageni watakunywa mezani kwangu, hilo si langu kulizuia, lakini mkono wa kuileta ulikuwa wa mwingine.

Mkataba wa pili nilipopanda, siku ya mafunzo tukapewa kila mtu kifungulio cha chupa. Nilikishika tu. Mkufunzi akasema kuanzia kesho. Usiku ule sikulala vizuri, nikahesabu madeni ya nyumbani, ada za wadogo zangu, nikaona kurudi siwezi.

Asubuhi nilikwenda kwa mkuu wangu wa wahudumu, mtu wa nchi nyingine na dini nyingine. Nilimwambia wazi, bila kulalamika, kwamba niko tayari kubeba kazi nyingine yoyote mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza tu kama jirani yangu wa stesheni, yaani weita wa fungu la meza lililo kando ya langu, anakubali kubadilishana. Jirani yangu alikubali kabla sijamaliza sentensi. Tukawa hivi: yeye anapeleka vinywaji vya meza zake na zangu, mimi nabeba trei zote za chakula kutoka jikoni za stesheni zote mbili. Bega langu la kulia lilivimba wiki ya kwanza. Lakini nilikuwa nalala.

Miezi mitatu baadaye jirani akashuka, aliyekuja hakutaka mpango huo, na haki yake. Nikaomba kuhamia bafe ya asubuhi, ambako bakshishi ni ndogo. Mpaka leo niko huko. Natamani tu kwamba siku ya kusaini mkataba ningeambiwa, nikachagua mwenyewe kabla ya kupanda.

Mpenda Bahari

Mimi ni abiria tu, naomba niseme kidogo. Mvinyo wangu ulifika na nyama, wakati niliuagiza kabla ya saladi. Nilimwona weita wetu anavyotoka jasho, nikaona haya hata kuulizia. Mwisho wa safari nikampa alama zote za juu kwenye fomu ya maoni, na sehemu ya maandishi nikaeleza kwamba kaunta ina watu wachache. Sijui kama wanasoma.

Ila kuna kitu nilikipenda, niseme ukweli. Mume wangu hanywi pombe. Safari za nyuma yule wa baa akishajua hilo alikuwa anampita kama kiti kitupu. Safari hii weita alimkumbuka kila usiku na maji yake ya gesi yenye ndimu.

Mkuu wa Stesheni

Shukrani mwanzisha uzi. Mimi nimesimamia wahudumu kwa miaka kadhaa, na nilipokea mabadiliko haya nikiwa upande wa wanaoyatekeleza. Niseme ninavyoyaelewa.

Sababu kubwa ni vifurushi vya vinywaji. Zamani mhudumu wa baa alikuwa muuzaji: anatembea, anashawishi, mgeni anasaini risiti. Wageni walipoanza kulipia kifurushi kabla ya safari, hakuna cha kushawishi tena, kimebaki cha kupeleka. Pia kila mfanyakazi anahitaji kitanda, na vitanda vya wafanyakazi melini vina hesabu. Kwa hiyo naelewa. Lakini dada wa kaunta amesema kweli, tulimtoa mtu tukadhani tunatoa trei tu.

Mafunzo waliyopewa watu wangu yalikuwa saa mbili. Saa mbili! Kufungua chupa mbele ya mgeni, meli ikiwa inayumba, ni kazi ya mkono uliozoea. Mwoneshe lebo, asome mwenyewe. Kata ile karatasi chini ya mdomo wa chupa, si juu yake. Ingiza skrubu katikati, usiitoboe mpaka chini maana vipande vya kizibo vitaingia kwenye mvinyo. Kisha vuta polepole, na usisimame miguu imebanana. Nilikuwa nafundisha upya usiku, baada ya kazi, kwa chupa tupu tulizorudishia vizibo. Na glasi ishikwe shina, vidole visifike kwenye mdomo wake. Kwa meli zinazoingia bandari za Marekani wakaguzi wa afya hawana huruma, na alama 85 kushuka chini meli imefeli.

Kuna jambo la mwisho na ndilo linalonikera hasa. Kupangusa na kuhesabu glasi kuliongeza karibu nusu saa kila usiku, na wahudumu hao hao wanafungua kifungua kinywa alfajiri. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, mnaousikia kama MLC, unataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Yanaweza kugawanywa vipande viwili tu, na kipande kimoja kiwe saa 6 au zaidi. Vijana wangu walikuwa wanaandika muda wa kutoka wa zamani, ule wa kabla ya glasi, kwa sababu ndio mashine iliyozoea. Nikawaambia andikeni saa mliyotoka kweli. Rekodi zikaanza kuonesha nyekundu, ofisi ikapiga simu, na wiki iliyofuata nikapewa watu wawili wa kuhesabu glasi. Nakala ya rekodi ni haki yako, iombe. Na utaratibu wa kulalamika ndani ya meli upo kwa sheria hiyo hiyo, ulipaswa kupewa karatasi yake pamoja na mkataba wako.

Trei Begani

Mkuu wa Stesheni shikamoo. Hiyo ya kuandika saa ya kweli sikuwahi kuiwaza. Sisi wote tulikuwa tunaandika saa ya zamani.

Nanga Juu

Marahaba kwa niaba yake, na asanteni nyote. Abu Safari, simulizi yako nimeisoma mara mbili. Dada wa Kaunta, nimemkumbuka bibi mmoja wa meza yangu ya nne aliyekuwa anashika ukingo wa meza vile vile. Nilidhani ni uzee.

Wakala amenipigia jana, kuna mkataba mwingine mwezi ujao, ukumbi huo huo. Nimemwomba anitumie kwa maandishi kazi zangu zote, na asilimia ya vinywaji inagawanywaje kwa weita. Amesema atauliza. Akijibu nitaliweka jibu lake hapa, na wenye mikataba mipya nanyi wekeni yenu, tuyalinganishe.