Mjomba ameacha disketi na katriji za gemu ambayo haikutoka: naomba ushauri wa kuzihifadhi

KitukuuWaPikseli (mleta uzi)
Wakuu, habari za wakati huu. Naomba wenye uzoefu mnishike mkono.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchoraji katika studio ndogo ya magemu miaka ya 1990. Studio ilifungwa gemu yao kubwa ikiwa haijakamilika, na haikuwahi kuuzwa popote. Mkaza mjomba sasa anahama nyumba, amenikabidhi boksi zima: disketi nyingi, CD walizorekodi wenyewe, saketi mbili za katriji zisizo na ganda zenye chipu zilizobandikwa stika za tarehe, madaftari ya michoro, karatasi za mpango wa gemu na kanda moja ya VHS.

Nimelitafuta jina la gemu hiyo mtandaoni. Kuna picha moja hafifu kutoka jarida la zamani na sentensi moja inayosema ilifutwa. Basi. Watu waliikeshea kazi ile miaka, na dunia imebaki na sentensi moja. Inaniuma.

Nataka kujua namna ya kusoma vitu hivi bila kuviharibu. Nataka kujua pia kama naruhusiwa kuviweka mtandaoni, na nani anafaa kukabidhiwa. Halafu kuna mkusanyaji aliyenifuata faragha, anazitaka zile katriji kwa pesa nzuri, ila sharti lake ni kwamba zisinakiliwe kwanza. Sijamjibu.

FundiChipu
Pole kwa msiba mkuu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kugusa. Neno la kwanza: usichomeke kitu chochote kwenye chochote kwa sasa.

Zile chipu zenye stika ni EPROM, nina hakika karibu yote. Chini ya stika kuna kidirisha cha kioo, na mwanga wa urujuanimno ukipita hapo unafuta kilichoandikwa. Ndivyo zilivyotengenezwa, ili watu wa studio wafute na kuandika toleo jipya la majaribio. Kwa hiyo usibandue stika hata kama inaning'inia. Na hata zikiwa gizani, chaji inayobeba data huvuja polepole miaka inavyokwenda. Chipu hizi zina umri mkubwa, zisikae tena kabatini. Zinasomwa kwa kifaa maalumu cha kusomea chipu, si kwa kuziwasha ndani ya mashine ya gemu.

Disketi: zile ndogo za inchi 3.5 zina kitufe pembeni. Kisogeze hadi tundu libaki wazi, hapo kompyuta haiwezi kuandika juu yake. Kisha usinakili faili mojamoja. Tumia kifaa kama Greaseweazle au KryoFlux, ambavyo huchukua mawimbi ya sumaku yenyewe jinsi yalivyo kwenye diski. Sababu ni mbili. Disketi za studio mara nyingi si za mfumo wa kompyuta za kawaida, zinaweza kuwa za Amiga, Atari au mashine nyingine. Na faili "lililofutwa" kwa kawaida halijaondoka, ni jina lake tu limeondolewa kwenye orodha. Mara nyingi hapo ndipo matoleo ya awali ya gemu hukutwa: ramani iliyoachwa, mhusika aliyebadilishwa sura.

CD za kurekodi zina tabaka la rangi linalochujuka. Ziweke mbali na mwanga na joto, na uzisome mapema. VHS mpe mwenye mashine safi, maana kanda yenye ukungu huharibika na kuharibu mashine pia.

Kila unachonakili, kikokotolee alama ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo kwenye faili, na uiandike mahali. Miaka ijayo utajua kama faili limebadilika hata herufi moja. Nakala zikae sehemu zaidi ya moja.

Mpenda_Retro
Mkusanyaji anayekataa nakala mkatae, hata kama pesa inavutia. Gemu iliyouzwa madukani ina maelfu ya nakala, moja ikipotea nyingine ipo. Hii yako huenda iko kwenye boksi hilo peke yake.

Mfano wa kunitosha ni gemu ya kwanza ya Mother. Nintendo waliitoa Japani 1989, wakaitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya NES, mashine yao ya gemu, kisha hawakuiuza. Katriji ya majaribio ya tafsiri hiyo ikajitokeza mwishoni mwa miaka ya 1990, mashabiki wakaipata na kuinakili, watu wakaicheza miaka mingi. Nintendo wenyewe wakaja kuitoa rasmi 2015 kwa jina la EarthBound Beginnings. Star Fox 2 nayo ilikamilika katikati ya miaka ya 1990, ikawekwa kando, ikatolewa rasmi 2017 ndani ya Super NES Classic, mashine ndogo ya Nintendo yenye magemu ya zamani.

Ushauri wangu: nakili, pakia mtandaoni, maliza. Ukisubiri ruhusa utazeeka.

SheriaNaHaki
Naheshimu moyo wa Mpenda_Retro, lakini mleta uzi asikimbilie hapo. Kumiliki disketi si kumiliki kilichomo. Studio ikifungwa hakimiliki haifi nayo. Inaweza kwenda kwa mchapishaji aliyekuwa akiigharamia gemu, kwa wadai, au kwa kampuni iliyonunua mabaki. Sheria za nchi zinatofautiana, ila kwa kipimo tu: Marekani, kazi iliyofanywa na waajiriwa bila kuchapishwa hulindwa miaka 120 tangu ilipotengenezwa. Gemu ya 1996 ambayo haikutoka ni hadi 2116. Hakuna disketi itakayofika huko.

Hata maktaba hazina uhuru mkubwa. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba na hifadhi kuwapa watafiti magemu yasiyouzwa tena wakiwa mbali na jengo lao.

Lakini kunakili ili kuokoa, na kumwagia dunia nzima, ni mambo mawili tofauti. Usiyachanganye. Unaweza kuikabidhi taasisi boksi lenyewe kwa maandishi, ikalitunza na kulionyesha kwa masharti. Tafuta pia mkataba wa kazi wa mjomba, hasa vifungu vya kutunza siri, na umwonyeshe mwanasheria wa kwenu kabla ya kupakia chochote.

Mgeni_77
Samahani kuuliza, ila gemu ambayo hata haikuisha ina faida gani kwa mtu? Kama ingekuwa nzuri wangeitoa.

BintiNyaraka
Mgeni_77, karibu, swali lako ni la msingi. Magemu hayafutwi kwa sababu ni mabaya tu. Pesa huisha, mashine iliyolengwa hushindwa sokoni, kampuni hununuliwa na mwenye mali mpya hana haja nayo. Star Wars 1313 ilikufa 2013 Disney walipoifunga kazi ya utengenezaji ya LucasArts, studio iliyokuwa ikiitengeneza, muda mfupi baada ya kuinunua. Na zipo zilizofutwa zikazaa nyingine: Capcom waliitupa Resident Evil 2 ikiwa imefika mbali, wakaanza upya, na ile tunayoijua ikatoka 1998. Anayetaka kuelewa kwa nini ya pili ni nzuri hana budi kuiona ile waliyoitupa.

Sasa mleta uzi. Wenzangu wamezungumza sana kuhusu chipu na disketi, na wako sahihi, lakini mimi ningeyashika hayo madaftari kwa uzito uleule. Disketi itakuonyesha mhusika ana upanga. Haitakuambia kwamba awali alikuwa mtoto asiye na silaha, nani alimbadilisha, na baada ya kikao gani. Hiyo imo pembeni mwa kurasa na vichwani mwa watu.

Ndiyo maana la kufanya wiki hii, kabla hata hujapata kifaa cha kusomea disketi, ni kuwatafuta aliofanya nao kazi. Majina yatakuwa kwenye karatasi za mpango. Warekodi sauti kwa ridhaa yao. Usiwaulize "gemu ilikuwaje" kisha ukanyamaza. Wawekee mchoro mbele, uliza nani aliuchora, ulikuwa wa hatua gani, siku waliyoambiwa kazi imesimama nani aliingia chumbani na alisema nini. Picha ikiwa mkononi kumbukumbu huja na maelezo yake. Wawili wakipishana, andika kauli zote mbili, usizisuluhishe wewe.

Na simulizi huvuta vitu. Gemu ya SimRefinery ilitengenezwa na kampuni ya Maxis mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kampuni ya mafuta ya Chevron, umma haukuuziwa. Mwaka 2020 iliandikwa makala ndefu ya historia yake bila mwandishi kuwa na gemu yenyewe. Muda mfupi baadaye akajitokeza mtu mwenye disketi, gemu ikapanda Internet Archive, hifadhi ya bure ya mtandaoni.

Piga picha kila kitu kabla hujakipanga: boksi lilivyofunguka, kipi kilikuwa juu ya kipi, mwandiko kwenye kila lebo, hata bahasha. Disketi iliyobanwa ndani ya ukurasa fulani wa daftari inasema jambo, ukiitoa bila picha jambo hilo limepotea.

KitukuuWaPikseli
Nimesoma yote kwa makini, Mungu awabariki. Nimempigia mkaza mjomba. Anakubali historia ihifadhiwe na amenipa jina la mwenzake mjomba aliyeandika programu. Ila ana hofu moja: kwenye CD mjomba alikuwa akiweka pia barua zake na mambo ya mishahara ya studio. Hataki yaonekane. Nifute kwanza ndipo ninakili?

BintiNyaraka
Usifute kwenye CD wala kwenye nakala ya kwanza. Nakili nzima jinsi ilivyo, nakala hiyo ibaki kwa familia. Kisha tengeneza nakala ya pili ya kutoa nje, uondoe barua na mishahara, na uandike waziwazi nini kimeondolewa na kwa nini. Taasisi nyingi za kumbukumbu hukubali pia sharti la muda, kwamba sehemu fulani isifunguliwe hadi mwaka mtakaokubaliana. Mwambie mama hivyo. Kumbukumbu ya marehemu ni yake kabla haijawa yetu.

Kwa wa kukabidhiwa, waandikie kwanza kuuliza, usitume mzigo. Video Game History Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa 2017, hushughulikia hasa nyaraka na vitu vya utengenezaji, na Januari 2025 walifungua maktaba yao ya kidijitali. The Strong kule Rochester, New York, ni makumbusho yenye hifadhi kubwa ya magemu. Sheffield, Uingereza, kuna National Videogame Museum. Uliza kila mmoja: mtatunza karatasi pia, au katriji tu? Nani ataruhusiwa kuona? Familia itapata nakala?

Mpenda_Retro
Suala la barua sikulifikiria, dada yuko sahihi. Nafuta neno langu la "pakia, maliza". La mkusanyaji silifuti.

KitukuuWaPikseli
Mkusanyaji nimeshamjibu hapana. Kesho jioni naongea na yule mwandishi wa programu kwa simu, nina michoro mitano ya kumtumia kabla. FundiChipu, nikipata mtu mwenye vifaa, nianze na kipi?

FundiChipu
Chipu kwanza, kisha CD, kisha disketi, VHS mwisho. Chipu zisomwe zaidi ya mara moja ulinganishe alama za SHA-256. Zikitofautiana usiendelee, rudi hapa na matokeo yote tuyaangalie. Na huyo mwandishi wa programu muulize walikuwa wakitumia kompyuta gani na programu gani kukandamiza picha. Jibu lake likikosekana, huenda tukawa na faili zote mkononi na tusiweze kufungua hata moja.