Naomba ushauri: Léoville Barton ya 2010, niifungue sasa au niendelee kuitunza?

Ndugu wapenzi wa mvinyo, naomba msaada wenu. Tunaishi Bordeaux, na bosi wangu aliyestaafu ametuzawadia chupa ya Château Léoville Barton ya mavuno ya 2010, mvinyo mwekundu wa kijiji cha Saint-Julien uliowekwa daraja la pili katika upangaji wa ubora wa mvinyo za Bordeaux wa mwaka 1855, kutoka kwa familia ya Barton, yenye asili ya Ireland, ambayo imelimiliki shamba hilo tangu 1826. (Ajabu ni kwamba, ingawa neno «château» humaanisha jumba, shamba lenyewe halina jumba lake, mvinyo hutengenezwa Langoa, mali ya familia hiyo hiyo.)

Ninaelewa kuwa Cabernet Sauvignon, zabibu iliyo nyingi zaidi katika mchanganyiko wake, huupa mvinyo ukakasi unaolainika polepole, na kwamba mwaka 2010 ulitoa mvinyo wenye nguvu Bordeaux nzima, kwa hiyo wanaonishauri kusubiri siwalaumu. Shida yangu ni mahali pa kuitunzia. Tunakaa ghorofa ya juu ambako kiangazi joto halivumiliki, na sasa kizibo kimeinuka kidogo chini ya kifuniko chake, ingawa mvinyo bado umefika shingoni.

Je, dalili hiyo inatosha kunifanya niifungue mapema, au nitafute ghala la kukodi lenye ubaridi? Nikiifungua, niisimamishe kwa muda gani ili mashapo yatulie, na niumimine kwenye jagi saa ngapi kabla ya kuandaa mguu wa kondoo?