Kibaraza cha zege: rangi ya asidi, ya maji, au rangi ya sakafu?

kivuli_cha_nje
Wadau, nina kibaraza cha zege nyuma ya nyumba, kinapigwa jua na mvua miaka mingi. Hakijawahi kupakwa kitu, ila upande tunaoegesha pikipiki kuna madoa ya oili. Nataka kahawia. Nimeambiwa kuna rangi ya asidi, rangi ya maji ya kupenya, na rangi ya kawaida ya sakafu. Ipi itakaa?

Msasa80
Rangi ya sakafu ifute kwenye orodha. Inakaa juu ya zege, basi unyevu ukipanda kutoka ardhini unaivimbisha na kuibandua, nawe unabaki na kazi ya kukwangua.

Mimi kura yangu kwa asidi. Ina asidi ya hidrokloriki na chumvi za metali, vikikutana na chokaa iliyomo ndani ya zege rangi inazaliwa humo humo. Hakuna utando wa kubanduka. Kahawia ndiyo inayotoka vizuri zaidi. Kubali tu kwamba itatoka mabaka mabaka, ndiyo sura yake.

mama_brashi
Msasa80, umesoma "miaka mingi"? Zege lililonyeshewa muda wote huo huwa limepoteza chokaa nyingi ya juu. Asidi itakosa cha kushika, itoke hafifu huku na kukolea kule. Na penye oili haitashika kabisa.

Rangi ya maji haitegemei chokaa. Ni chembechembe laini zinazoingia kwenye vitundu vya zege, rangi zake ni nyingi, na ukikosea ukolezi unaongeza mkono wa pili. Kwa hali yake ningechukua hiyo bila kusita.

fundi_wa_zamu
Mnabishana kabla ya kupima. Kivuli, fagia, mwagia matone ya maji sehemu tano sita. Yakinywewa ndani ya dakika moja hivi, zege liko wazi. Yakisimama kama juu ya jani la mgomba, kuna oili, sila ya zamani (dawa ya kuziba na kulinda uso wa zege), au sakafu ilipigwa niru ikafunga vitundu. Hapo hakuna rangi ya kupenya itakayoingia, iwe ya asidi au ya maji.

Halafu bandika kipande cha nailoni, pande zote kwa utepe wa gundi, ukiache hadi kesho yake. Chini yake pakilowa, subiri pakauke.

kivuli_cha_nje
Nimepima. Kote yananywewa, ila upande wa pikipiki yanasimama. Nailoni kavu. Kuna jirani anasema nioshe pote kwa maji ya betri.

fundi_wa_zamu
Usithubutu! Hiyo ni asidi ya salfa, inalila zege lenyewe. Na hakuna asidi inayotoa oili. Tumia dawa ya kukata grisi, sugua kwa brashi ngumu, suuza, rudia mpaka matone yanywewe. Pakigoma, piga msasa wa mashine kidogo, na uvae barakoa, vumbi la zege si la kuvuta.

Kama unaelekea kwenye asidi, usioshe kwa asidi kabla, utamaliza chokaa uliyobakiwa nayo.

Msasa80
Haya, kwa madoa hayo nakubaliana na mama_brashi. Lakini ajaribu zote mbili kwenye kona isiyoonekana. Sampuli ya dukani haijui zege lako.

mama_brashi
Sawa kabisa. Na ukipaka, epuka jua kali la mchana, rangi inakauka kabla haijapenya. Tabaka nyembamba mbili, si moja nzito.

kivuli_cha_nje
Asanteni. Na sila je? Naweza kupulizia kila kitu kwa bomba moja la dawa ya mimea?

fundi_wa_zamu
Rangi ya maji, ndiyo, likioshwa vizuri. Kwa asidi liwe la plastiki tupu, chuma kitaliwa na kuchafua rangi. Na baada yake unamwagia soda ya kuokea iliyoyeyushwa kwenye maji kuua asidi, unasuuza mpaka maji yatoke safi. Sila ya akriliki inakoleza rangi lakini inateleza ikilowa, changanya chenga za kuzuia utelezi. Pia hiyo huchakaa, utairudia baada ya mwaka hadi mitatu. Ipake kwa rola, nyembamba.

Msasa80
Au chukua sila ya kupenya, haing'ai wala haitelezi. Kwa kibaraza kinachonyeshewa hivyo, mimi ningechukua hiyo.