Kibali cha kubeba na kurundika matairi chakavu: tunajilinda au tunabanana tu?

Kipimaupepo (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Sheria za matairi chakavu, ukizipitia za nchi mbalimbali, zinafanana. Ukirundika nje kupita idadi fulani uwe na kibali, rundo lisipite kimo kilichowekwa, na kati ya rundo na rundo ibaki njia ya gari la zimamoto. Ukiyabeba uwe umesajiliwa, na uwe na hati ya mzigo inayosainiwa na anayetoa, anayebeba na anayepokea. Usiyazike mazima, usiyachome hewani. Gharama mara nyingi inakatwa mapema, kwenye bei ya tairi jipya.

Yote nayaunga mkono isipokuwa hati. Mwenye lori zima na mwenye matairi kumi na mawili kwenye pikapu wanajaza karatasi ileile na kuogopa faini ileile. Ni haki? Na mkisema wadogo wasamehewe, nani atamzuia mwenye lori asigawe mzigo wake kwenye pikapu?

Kaa la Moto:
Wasamehewe? Hao wadogo ndio tatizo lenyewe. Fundi pancha anatupa tairi nyuma ya kibanda, giza likiingia anapiga kiberiti apate nyaya auze chuma kwa kilo. Na hiyo hati ataisaini nani? Mtu hata fomu hajui kujaza.

Mzee wa Jeki:
Kaa la Moto, mimi ni fundi pancha na nimekusoma vizuri sana. Ya kiberiti nayaacha, najibu ya fomu. Kila siku nasoma ubavuni mwa tairi maandishi ambayo wewe mwenye gari hujawahi hata kuinama kuyatazama. 195/65 R15 91H. Haya msomi, hiyo 91 ni nini? Usikimbilie intaneti.

Chipukizi:
91 si mwaka?

Spea Tairi:
Mdogo wangu, kama bado unatembelea tairi la 1991, basi wewe ndiye mzigo wa kuandikiwa hati 😂

Kaa la Moto:
Mzee, usitutoe kwenye mada. Namba za ubavuni na moshi vinahusiana nini?

Mzee wa Jeki:
Hujajibu.

Lita Mbili:
Watu wanacheka na moto kwa sababu hawajauona. Kuna rundo liliwaka Canada, nadhani mwishoni mwa miaka ya 80, likaungua karibu mwezi mzima.

Mwana wa Kumbukumbu:
Hagersville, Ontario, Februari 1990. Siku 17, matairi kama milioni 14. "Karibu mwezi" umeitoa wapi?

Lita Mbili:
Yaani siku 17 za moshi mweusi na watu kuhamishwa makwao, wewe unanidai siku 13 zilizobaki? Basi chukua la Heyope, Wales. Lilishika moto 1989, likafukuta chini kwa chini kwa miaka isiyopungua 15. Tairi lina uwazi katikati, kwa hiyo rundo zima limejaa hewa. Maji ya zimamoto yanateleza juu, moto uko ndani unaendelea kula. Mpira ukiungua unatoa mafuta, na yaleyale maji ya kuzimia yanayasukuma mpaka kwenye mifereji na visima. Ndiyo sababu ya zile njia kati ya marundo. Anayeona ni usumbufu akauzime yeye kwa ndoo.

Bint Bustani:
Moto ni wa siku ya ajali, mbu ni wa kila mvua. Aedes albopictus, yule mweusi mwenye madoa meupe, mwaka 1985 alikutwa ameshaweka makazi Houston, na njia aliyokuja nayo inajulikana: matairi chakavu yaliyosafirishwa kwa meli kutoka Asia. Mayai anayabandika kwenye ukuta wa ndani wa tairi, juu kidogo ya usawa wa maji. Ukimwaga maji, mayai yamebaki palepale. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, mvua ikirudi yanaanguliwa. Kwa hiyo fundi akisema "mimi huwa namwaga" hajasema kitu. Funika au toboa. Ya kwangu ya bustani nimeyatoboa upande wa chini na mboga zinastawi.

Kaa la Moto:
Ngoja kwanza. Dada, unalisha watoto mboga zilizoota kwenye tairi?

Bint Bustani:
Mboga zimeota kwenye udongo. Tairi ni ukingo tu.

Kaa la Moto:
Ukingo wenye sumu.

Bint Bustani:
Sumu gani? Itaje jina. Watu mmezoea kutisha wenzenu kwa neno sumu.

Mwana wa Kumbukumbu:
Nitaitaja mimi. Zinki ipo, oksidi yake inatiwa kwenye mpira tangu kiwandani. Halafu kuna mafuta ya kulainishia mpira, yale yenye kemikali za kundi la PAH, baadhi zinasababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliyawekea ukomo kwa matairi yaliyotengenezwa kuanzia 2010. Tairi la zamani zaidi ya hapo mimi nisingelilimia chakula. Maua sawa.

Bint Bustani:
Kwa hiyo la baada ya 2010 ni salama?

Mwana wa Kumbukumbu:
Sijasema hivyo.

Bint Bustani:
Ndivyo ulivyosema.

Chipukizi:
Samahani wakubwa, mtu anajuaje tairi ni la mwaka gani?

Mzee wa Jeki:
Swali la maana kuliko yote humu. Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata mpaka mwisho, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kilichobonyea. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tatu tu, hilo ni la kabla ya 2000, hata bure usilichukue. Ukikosa tarakimu kabisa geuza tairi, mara nyingi zimewekwa ubavu mmoja, na wafungaji wengine wanaupeleka huo ubavu ndani. Na msidanganywe na kashata, ule mpira wa nje wenye mifereji unaogusa barabara. Tairi lililokaa stoo linazeeka bila kutembea. Watengenezaji kadhaa wakubwa wanasema miaka 10 ndiyo mwisho, hata kashata iwe imesimama kama jipya. Ikunje kwa vidole, ukiona vinyufa vidogovidogo kwenye mifereji achana nalo.

Spea Tairi:
Kwa hiyo tuanze na wauza matairi ya mtumba. Ndio wanaotuletea uchafu wa watu wengine.

Dereva wa Usiku:
Ya mtumba tutayajadili siku nyingine. Mimi nimebeba matairi chakavu, naomba niseme la hati kwa sababu naona hakuna anayeligusa.

Hati haina ubaya kwa sababu ni karatasi. Ubaya wake ni kipimo. Gereji wanakuhesabia vipande, tuseme 200. Unayapanga kwenye lori kwa kuyasuka kama ukili, moja limelalia nusu ya mwenzake, maana ukiyasimamisha unabeba hewa tupu. Ukifika, mpokeaji hana muda wa kuhesabu, anapandisha lori kwenye mizani. Sasa tairi la gari dogo lililokwisha ni kilo 9 hivi, la lori linafika 45 na kupita, na gereji walikuchanganyia bila kuandika lipi ni lipi. Njiani mvua imenyesha, kila tairi limemeza maji. Karatasi inasema vipande, mizani inasema tani, mkaguzi anataka vilingane. Visipolingana, anayeshukiwa kumwaga mzigo porini ni nani? Aliyetoa ana sahihi, aliyepokea ana sahihi, katikati niko mimi. Waweke kipimo kimoja kuanzia mlangoni mpaka mwisho, ndipo tubishane mkubwa na mdogo. Na tusidanganyane, mengi yanaishia kwenye matanuru ya saruji halafu tunaita urejelezaji.

Lita Mbili:
"Tunaita urejelezaji". Hapo ndipo mnapokera. Tanuru la saruji linapita nyuzi 1,400. Kwa kilo moja, mpira unatoa joto lisilopungua la makaa ya mawe, na zile nyaya hazitupwi, chuma kinaingia kwenye saruji yenyewe, ambayo ilikuwa inakihitaji. Unalinganishaje na kiberiti cha nyuma ya kibanda?

Mzee wa Jeki:
Nyuma ya kibanda tena! Nani humu ameniona nikichoma?

Lita Mbili:
Mzee sijakutaja.

Mzee wa Jeki:
Vibanda viko vingapi kwenye mada hii?

Bint Bustani:
Kuchoma ni kuchoma, liwe tanuru liwe kiberiti. Tairi la lori linavishwa kashata mpya, linarudi barabarani, na likishindikana kabisa lisagwe chenga.

Lita Mbili:
Chenga upeleke wapi? Viwanja vya mpira? Umoja wa Ulaya ulipitisha 2023 kwamba chenga za viwanjani zisiuzwe tena baada ya miaka 8, kwa sababu ya plastiki inayosambaa. Wao wenyewe wameshakataza kuzika, mazima tangu 2003 na yaliyokatwa tangu 2006. Usizike, usichome, usisage. Dada, tuyameze?

Bint Bustani:
Wewe ungeanza na hayo mafuta uliyosema yanatiririka.

Mlipa Ada:
Mnagombana kuhusu mwisho wa tairi, mimi nauliza pesa. Afrika Kusini walianza vizuri 2012, randi 2.30 kwa kila kilo ya tairi, zinaenda kwa chombo kimoja cha kukusanya na kugawa kazi, REDISA. Mwaka 2017 tozo ikahamia kwa mamlaka ya mapato na chombo kikawekwa kwenye ufilisi. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikatengua ufilisi, lakini wakati huo mpango ulishavunjika. Mteja ameendelea kulipa, anayebeba halipwi kwa wakati, matairi yanarudi kurundikana. Mkishalipa ada dukani, ile pesa mna uhakika inamfikia Dereva wa Usiku?

Kaa la Moto:
Serikali ikichukua mnalia, kampuni ikichukua mnalia.

Mlipa Ada:
Nalia kwa sababu nalipa. Marekani mwaka 1990 walikuwa na zaidi ya matairi bilioni 1 kwenye marundo, sasa wamebakiwa na makumi ya milioni, na majimbo mengi yalitumia hiyohiyo ada. Kwa hiyo inawezekana. Wawekee mfuko wake wenye kufuli.

Kipimaupepo:
Wakuu, yule wa pikapu mnasemaje? Asamehewe au asisamehewe?

Spea Tairi:
Mleta mada tulia, tunasubiri jibu la 91.

Mwana wa Kumbukumbu:
Ni kilo 615. Uzito wa juu ambao tairi hilo moja linaruhusiwa kubeba. H ni kasi, kilomita 210 kwa saa.

Mzee wa Jeki:
Nani kakuuliza wewe? Nilimuuliza Kaa la Moto. Sasa atasema alikuwa anajua.

Kaa la Moto:
Nilikuwa najua.

Chipukizi:
Mzee wa Jeki, nimechungulia spea yangu, imeandikwa 0811. Kashata haijaguswa kabisa. Kuna mtu ananipa pesa nzuri, nimuuzie?

Mzee wa Jeki:
Wiki ya 8 ya 2011. Usimuuzie mtu, atakufa nalo kwenye kona. Toboa chini umpelekee Bint Bustani, ni la baada ya 2010.

Bint Bustani:
Mnanichokoza eti? Napokea. Na leteni na udongo.