Je, inafaa kuwaita wahitaji mbele ya kanisa wapokee msaada?

Katibu wa Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu hukusanya unga, maharage na sabuni kila mwezi kwa ajili ya wajane na wagonjwa, na desturi ni kuwaita kwa majina baada ya matangazo ya Dominika, wakasimama mbele ya altare na mifuko yao huku wakipigwa picha. Mama mmoja mjane amekataa kuitwa, na tangu hapo haonekani kanisani, ingawa najua nyumbani kwake hali ni ngumu. Baadhi ya viongozi wanasema ana kiburi. Mwenzenu moyo unaniuma, naomba ushauri.

Mzee wa Parokia
Milele na milele, amina. Mwanangu, huyo mama hana kiburi, anatetea utu wake. Walawi 19 inamwagiza mwenye shamba asivune hadi pembeni wala asirudi kuokota masazo, bali awaachie maskini na mgeni, nao waliingia wakaokota kwa mikono yao wenyewe bila kutangazwa na mtu. Naye Bwana, katika Mathayo 6, anakataza sadaka ya kupigiwa panda, yaani tarumbeta.

Mtunza Hazina
Kwa heshima, mzee wangu, waliochanga nao wana haki ya kujua michango yao imefika wapi, kwa maana pasipo uwazi mifuko huishia kwa jamaa za viongozi. Hata katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yao yalikuwa ya haki.

Mwanachama wa Vinsenti
Hoja ya uwazi ni ya kweli, lakini mitume waliitatua kwa kuagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wala hawakuwaanika wajane. Chama chetu cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wenzake, kilishika tangu mwanzo njia ya kuwatembelea maskini majumbani mwao. Huku kwetu tunakwenda wawili wawili, wote wawili wanatia saini kwenye daftari, paroko analikagua, na kanisani inasomwa idadi ya kaya na jumla ya fedha tu. Tena ukiketi na mtu mkekani ukamsikiliza, unajua anachohitaji hasa: tulimkuta bibi mmoja ana unga wa kutosha tuliompelekea sisi wenyewe, ila hana mkaa wa kuupikia, na dawa zake za presha zimekwisha.

Katibu wa Jumuiya
Asanteni sana. Jumamosi nitakwenda na mwenyekiti wetu kumjulia hali yule mama, na suala la picha nitalifikisha halmashauri walei. Ndugu wa Vinsenti, naomba unieleze daftari lenu mnalipanga vipi, na nani hulitunza ili majina yasienee mtaani.